Kompyuta ya Chumba cha Mbele

Mimi Awor nikikasirika, mtaa mzima hapa Busia unajua, na siku ile nilikuwa na sababu. Mama mkwe alikuja kutoka Lumino kuamua nani apewe chumba cha mbele cha nyumba yake: mimi nifungue mahali pa gemu na sinema, au mwuza mahindi mmoja aliyekuwa akimsumbua kwa simu.

"Nionyeshe kwanza hiyo kompyuta," alisema. "Ikinipendeza, chumba chako."

Niliiunda kwa mikono yangu, kipande kimoja kimoja, vingine vya Tororo, vingine vya ng'ambo ya Kenya. Kadi ya picha ya nguvu, skrini pana, feni zinazowaka rangi. Mume wangu Bwire alinisaidia mara moja tu, kufunga kile chuma kinachokaa juu ya prosesa kunyonya joto.

Nikawasha. Ikawaka! Mama akasogea karibu. Wachezaji wa mpira wakaingia uwanjani, halafu pu! giza. Nikawasha tena. Ikazima tena.

"Awor, hii kitu inakufa," Mama akasema, akaanza kutafuta namba ya yule wa mahindi.

Nikafungua kasha, nikagusa kando ya prosesa: moto wa kuunguza. Lakini kile chuma cha juu yake, baridi kabisa! Nikamgeukia mume wangu.

"Bwire, ile nailoni ya chini ya chuma uliitoa?"

"Niitoe ya nini? Kitu kipya hakibanduliwi, kitachakaa."

Jamani! Kwao Lumino makochi yana nailoni tangu harusi yetu, hata rimoti imefungwa nailoni. Lakini prosesa? Joto litapita wapi? Nilimpa zake, mama yake akisikia, kisha nikalegeza skrubu, nikabandua, nikapaka upya dawa ya kupitisha joto, nikakaza.

Safari hii haikuzima. Mpira ukachezwa, nyasi unaziona moja moja. Mama akashika kidude cha kuchezea, akabonyeza ovyo ovyo, akamfunga Bwire bao! Alipiga vigelegele mpaka jirani yetu Scovia akaja mbio akidhani kuna bibi harusi. Mimi nilicheka huku machozi yananitoka, sioni haya kusema.

Simu ya Mama ikaita. Mwuza mahindi. Mama hakuondoa macho kwenye skrini.

"Baba, tafuta kwingine," akamwambia. "Hicho chumba kina mwenyewe."