Doa la Mwanga Chini ya Jicho

Haya niliyasikia kwa Magdalena Rooi, shangazi yake Alwina, baridi ya mwaka juzi, tulipokuwa tukishona gauni la viraka la harusi. Magdalena hana haraka ya mdomo. Sindano ikiingia kitambaani hasemi, ikitoka ndipo husema. Nami nitayaeleza vivyo hivyo, polepole.

Alwina alikuwa mpishi wa misafara ya korongoni kwa miaka sita. Wageni walitembea na kamera, yeye akatembea na sufuria. Lakini jioni, vyombo vikishaoshwa, aliwauliza habari za lenzi na mwanga, mpaka mgeni mmoja akamwachia kamera yake ya zamani. Tangu siku hiyo hakuna mwamba uliosalimika. Aliipiga picha miamba asubuhi, akaipiga adhuhuri, akaipiga imelowa mvua, na mvua kwetu ni mgeni kuliko wageni wenyewe.

Basi ikaja habari kwamba Jumatatu litafika kundi la wapiga picha, na wanataka jambo moja tu: kuliona jua limekaa ndani ya Jicho. Jicho ni tundu katika mwamba mwekundu uliosimama peke yake ukingoni mwa korongo. Kila baridi, kwa siku chache, jua likipanda hupita humo. Aliyekuwa akiwaongoza watu huko ni babu yake Alwina, naye alikwisha kufariki. Alwina akaenda kwa mzee Andries Boois, mkuu wa waongozaji.

"Nitawaongoza mimi," akamwambia.

"Wewe? Umeona sufuria ngapi zikiongoza watu?"

"Sufuria hazijapewa nafasi, babu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Haya. Jumamosi twende mimi na wewe. Ukinionyesha picha ya jua ndani ya Jicho, Jumatatu utatangulia. Ukikosa, utarudi jikoni, na usininunie."

Jumapili haikuwa ya kutegemea. Jumapili kwetu ni kanisa. Hata punda aliyepotea huachwa apotee mpaka Jumatatu.

Wakatoka alfajiri, baridi inauma masikio. Walipofika penye rundo la mawe la Heitsi-Eibib, shujaa wa hadithi za kale, kila mmoja aliongeza jiwe lake, kama wafanyavyo wapita njia wote.

"Weka kubwa," Andries akasema. "Una haja kubwa leo."

"Nimeweka dogo, aone sina wasiwasi."

Pa kusimama palijulikana: jiwe bapa lililo juu ya mteremko, mkabala na Jicho. Hata saa ilijulikana. Marehemu babu yake alikuwa akisema: jua hukaa Jichoni mbuzi wakishuka majini. Kwa hiyo wakajibanza nyuma ya jabali kuukwepa upepo, wakala mkate uliookwa majivuni, wakasubiri kengele za mbuzi. Kengele zilipolia, wakainuka wakazunguka jabali.

Jua lilikuwa limeshatoka Jichoni. Lilikuwa juu ya mwamba kama kofia kichwani.

Andries akajipiga paja. "Pampu! Tangu walete ile pampu mbuzi wamekuwa mabwana. Maji yako mlangoni, wanaamka wapendapo."

"Na nani aliyeiomba hiyo pampu?"

"Mimi. Nimejikata mwenyewe. Basi, mwanangu, turudi."

Alwina hakurudi. Aliacha kutazama juu, akatazama chini. Kivuli cha mwamba kilikuwa kimelala kwenye mteremko, na katikati ya kivuli palikuwa na doa la mwanga, kubwa kama sakafu ya kibanda. Akalikazia macho. Doa lilikuwa likisogea, likiteremka kokoto kwa kokoto kuelekea kwenye dimbwi lililoko chini korongoni.

"Babu, jua halijatoka Jichoni. Sisi ndio tumetoka."

"Baridi imekupanda kichwani?"

"Ukisimama hapa, limetoka. Ukisimama pale kwenye doa, bado limo. Jua linapanda, doa linashuka. Nalifuata."

"Magoti yangu hayafuati kitu!"

"Basi nishikie koti."

Akashuka. Penye kokoto alikaa akateleza, penye mwamba aligeuka akashuka kinyumenyume, kamera kifuani ndani ya fulana. Miguu yake ilikuwa imebeba vyakula vya watu kumi njia hiyo miaka sita. Iliijua kazi yake. Mbuzimawe mmoja, swala mdogo wa majabalini, alisimama ukingoni akimtazama, kisha akaona hapa hapamhusu, akaenda zake.

Alipofika chini, doa lilikuwa limeshaingia majini. Kandokando ya dimbwi palikuwa na utandu wa barafu. Viatu hakuvua. Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni, yakafika kifuani.

"Toka!" Andries akapiga kelele kutoka juu. "Utaua kamera ya watu!"

"Ni yangu!"

Mwanga ukampiga usoni. Akainua kichwa, na jua lilikuwa humo, zima, limeenea Jichoni kama kiini ndani ya yai. Akaubana mwanya wa lenzi ili mwanga usimmeze, akazuia pumzi, akapiga. Akapiga tena, na mara ya tatu. Doa likampita, likapanda kwenye matete, naye akatoka akitetemeka.

Andries alizunguka kwa njia ya punda, akafika akihema, akamtupia koti na kuwasha moto. Kisha akaitia kamera chini ya ukingo wa kofia yake akatazama. Alizipitia zote tatu.

"Na Jumatatu? Tuwatie wageni majini?"

"Wageni watakuwa kwenye jiwe bapa kabla kengele hata moja haijalia. Akichelewa mtu, najua doa linapita wapi. Nitamshusha hatua kwa hatua mpaka alikute."

Mzee akamrudishia kamera kwa mikono miwili. "Utatangulia. Mimi nitakaa nyuma, niwakusanye waliochoka."

"Utajikusanya mwenyewe kwanza."

"Mtoto huyu!" akasema, naye anacheka.

Mwanga wa jua ukashuka mpaka chini ya korongo, mawe yakaanza kupata moto. Andries akajilaza, akaanza kuwasema tena mbuzi na uvivu wao, na sentensi ikamfia mdomoni, akakoroma. Alwina akaanika soksi, akajilaza juu ya jiwe lenye joto. Akaipitia njia ya Jumatatu kichwani, kona kwa kona. Alipofika kwenye mteremko wa kokoto, usingizi ukamchukua.