Alama Chini ya Barua

Mimi ni mbishi, nalijua hilo kabla hujaniambia. Miaka ishirini na sita nimekaa masjala ya halmashauri, na hakuna bosi aliyewahi kuchukua faili kwangu bila kusaini daftari. Na karatasi tupu haisainiwi. Hiyo ndiyo dini yangu ya pili. Nimewarudisha watu wazima dirishani na mvi zao kwa sababu ya kanuni hiyo, kisha nikaketi kunywa chai yangu kwa raha.

Printa yetu hapa nyumbani Somanda niliinunua ofisini walipokuwa wanaondoa vitu chakavu. Tundu lake la waya lilishakufa, kwa hiyo inapokea kazi kwa Wi-Fi tu, tena ikitaka. Isipotaka, laptopu inakuandikia kwamba printa haipatikani, na huku iko mbele yako, taa inawaka, inakutazama.

Siku ninayoisema ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu. Baba yangu, Mzee Mboje, mwalimu mstaafu, alikuwa chumbani ameegemezwa mito mitatu maana akilala chali hapumui. Moyo ulikuwa umechoka. Daktari alishatuambia tukae naye nyumbani, na ukiambiwa hivyo unaelewa. Jambo moja tu lilikuwa limembakia duniani: kaka yake, Jilala, wa kule Lingeka.

Hao wawili waliachiwa na baba yao alama moja ya ng'ombe: mistari miwili imesimama na kiduara chini yake, inachomwa pajani. Jilala ndiye aliyechunga ili Baba asome. Baba akasoma, akawa mwalimu mkuu, na walipogawana ng'ombe akaenda kwa fundi akatengenezewa chuma chenye herufi za jina lake. Jilala akamuuliza alama ya mzee ina ubaya gani. Baba akamjibu mbele ya watu kwamba yeye hana shida na michoro ya mtu asiyejua kusoma. Miaka ishirini na mitatu ikapita hivyo. Baba akipiga simu, Jilala akisikia tu sauti anakata.

Ijumaa Baba alinitamkia barua, nikaipiga kwenye laptopu. Ilikuwa fupi. Kaka, mimi ndiye niliyekosa. Wewe ulikaa na jua, mimi nikakaa kivulini na vitabu, halafu nikakutukana kwa vitabu hivyo hivyo. Barua hii utasomewa. Lakini hapo chini nimeweka alama ya baba yetu kwa mkono wangu, ili ujue ni mimi.

"Maneno atasema yametungwa," Baba aliniambia. "Ile alama hawezi kuikataa. Tulikuwa tunaichora mchangani malishoni, anaujua mkono wangu."

Thomasi, mtoto wa Jilala, alikuwa amekuja mjini kufuata dawa za pamba. Akasema anarudi Lingeka saa tisa alasiri, atapita kuichukua barua. Saa nne asubuhi nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Printa haipatikani.

Nilizima, nikawasha. Nikaitoa kwenye laptopu, nikaiingiza upya, ikagoma. Nikaipiga kofi, na usinicheke, hata wewe ungeipiga. Mwisho nikampigia simu Abubakari, yule mwenye duka la stesheneri karibu na stendi.

"Dada Milembe, ruta ilizimwa?"

"Mama aliichomoa usiku. Radi."

"Ndiyo hapo sasa. Ruta ikiwaka upya inagawa namba upya. Printa imepewa namba nyingine, laptopu yako bado inaitafuta kwenye ile ya zamani. Shikilia kitufe cha kijani mpaka itoe karatasi ya taarifa zake. Soma namba mpya, uiandike kwenye laptopu." Akaongeza, "Au nitumie kwa WhatsApp nikutolee hapa, bodaboda akuletee."

"Barua ya ukoo wetu isomwe na kila anayekuja kutoa kopi? Thubutu!"

Mama yangu tunamwita Mayu. Radi ikinguruma hata kule Sapiwi, yeye anachomoa kila kitu ukutani: runinga, friji, ruta, hata chaja isiyo na simu. Tangu radi iue ng'ombe wanne wa jirani yetu Luhaga, hakuna wa kumwambia kitu.

Basi nikashikilia kitufe cha kijani, na kweli printa ikatoa karatasi. Ndipo Baba akaita. Nikaingia chumbani nayo mkononi.

"Bado?"

"Bado kidogo, Baba."

Akaiangalia ile karatasi. "Na hiyo je?"

"Hii ina namba za printa."

"Igeuze. Mgongoni haina kitu. Nipe na peni, niweke alama sasa hivi mkono ukiwa bado una nguvu. Maneno utayaandika juu yake baadaye."

Jamani. Peni ilikuwa kwenye nywele zangu, ndiko ninakoichomeka nikiwa kazini. Nikamwambia nini baba yangu? Nikamwambia, "Karatasi tupu haisainiwi, Baba. Kesho akisema nimejijazia maneno mwenyewe?"

"Yaya, ng'wana wane," akasema, yaani hapana, mwanangu. "Jilala hatasema hivyo."

"Nusu saa tu."

Akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. "Haya, karani." Kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya shuka: mstari, mstari, kiduara. Nilikiona. Nikageuka nikarudi sebuleni kwenye printa yangu.

Nikaingia kwenye mipangilio, nikaanza kuandika namba mpya kwa kidole kimoja kimoja. Ngurumo ikapiga nje. Kabla sijamaliza, taa za ruta zikazimika. Mayu alikuwa ameshachomoa, amesimama na waya mkononi.

"Mayu! Umeniharibia! Unajua unachofanya wewe?"

Nilimpigia kelele mama yangu mzazi, kikongwe wa miaka sabini na nane, mume wake yuko chumba cha pili anakata roho. Aliuweka waya mezani taratibu, akaenda kukaa na Baba. Mpaka leo hajalitaja neno hilo, na bora angelitaja.

Nikachomeka. Ruta ikachukua muda wake kuwaka, printa ikapata namba nyingine tena, nikatoa karatasi nyingine ya taarifa. Hizo sasa ni karatasi mbili, migongo yao myeupe pe, na pembeni kuna rimu nzima haijafunguliwa. Ningeweza kuiandika barua yote kwa peni ndani ya dakika kumi. Wazo hilo lilinijia, sitaki kukudanganya. Lilinijia nikalifukuza, kwa sababu ilishakuwa vita kati yangu na ile mashine, na mimi nikishaingia vitani nang'ang'ania kama kupe.

"Milembe," Baba akaita tena.

"Nakuja!" nikajibu, kwa ile sauti ninayowajibu watu dirishani.

Sikwenda. Hilo 'nakuja' ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu.

Saa nane na nusu nikaandika namba ya mwisho, nikabonyeza. Printa ikatingishika, ikavuta karatasi, barua ikaanza kutoka, herufi nyeusi, safi. Nilipiga makofi, Mungu anisamehe. Nikaichukua ikiwa bado ya moto, nikachomoa peni kichwani, nikaenda chumbani nikisema, "Haya, Baba, saini yako hiyo!"

Mayu alikuwa ameshamfumba macho. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya shuka, kidole kimoja kimenyooka.

Nililia, lakini nakumbuka zaidi sauti ya printa kule sebuleni. Ilikuwa inaendelea. Tangu asubuhi nilikuwa nimebonyeza mara saba, na kumbe kazi zote saba zilikuwa zimepanga foleni zikisubiri namba. Ikatoa ya pili, ya tatu, mpaka ikamaliza. Mayu analia, majirani wanaanza kuingia, na ile mashine inatoa barua tu.

Thomasi alipofika saa tisa, alibeba habari ya msiba badala ya barua.

Jilala alikuja mazishini. Alitupa udongo wake kaburini, akakaa pembeni na fimbo yake mpaka matanga yakaisha. Usiku wa kuamkia siku ya kuondoka kwake nilikaa na ile barua na peni. Alama naijua, nimeiona kwenye ng'ombe wa babu tangu nikiwa mtoto. Mistari miwili na kiduara, kazi ya sekunde tano. Sikuthubutu. Jilala anaujua mkono wa Baba.

Asubuhi nikamfuata. "Mwangaluka, baba," nikamwamkia, maana baba mkubwa ni baba. Akaitikia. Nikapiga magoti, nikamsomea barua yote. Alisikiliza akiangalia chini. Nilipomaliza akanyoosha mkono, nikampa. Akaishika karatasi karibu kabisa na macho.

"Rudia hapo pa mwisho."

"Hapo chini nimeweka alama ya baba yetu kwa mkono wangu, ili ujue ni mimi."

Akapitisha kidole gumba chini ya maandishi, kutoka kushoto hadi kulia, polepole, kama anayepapasa ngozi ya ng'ombe kutafuta kovu.

"Iko wapi?"

Nikamweleza. Nilieleza ruta, namba, radi, na Abubakari. Nilieleza sana, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mpumbavu. Nikamwambia kwamba Baba aliomba kuiweka, aliomba akiwa na nguvu zake, mimi ndiye niliyemwambia asubiri. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Unaandika vizuri, ng'wana wane," akasema. "Kama baba yako." Machozi yalimjaa machoni, lakini hayakudondoka. "Karatasi mlikosa?"

"Hatukukosa, baba."

"Peni?"

"Zilikuwapo."

Akatikisa kichwa. Akanirudishia barua mapajani, akashika fimbo yake, akaenda kumuaga Mayu.