Ungempelekea Uji?

Mimi ni mtu wa Surabaya, Indonesia, na kwetu mtu akiudhika, jirani wa tatu anajua. Nikaolewa Solo, mji ambao mtu akikanyagwa mguu yeye ndiye anayeomba radhi. Nawapenda watu hawa, na bado wananitoa jasho.

Bu Sumiyarsih, na Bu huku ni kama kusema Mama, ni mkunga wa zahanati ya mtaani kwetu. Kila mama aliyejifungua humtumia ujumbe kwa simu kueleza hali yake, na jumbe zilikuwa zimemzidi. Msimu wa mvua uliopita mama mmoja alirudishwa kwa wazazi wake akiwa hali chakula, hapati usingizi, wala hataki kumgusa mwanawe. Jumbe zake zote zilisema yu mzima. Bu Sumiyarsih hakujisamehe. Alitaka kujua mapema nani ana huzuni, ili pikipiki yake ielekee huko kwanza.

"Wewe si unashinda na kompyuta," aliniambia. "Nitengenezee kitu."

Programu yenyewe haikuwa na makuu. Unaipa jumbe za zamani zilizotiwa alama: huyu ana furaha, huyu ana huzuni. Inahesabu maneno yanayotokea zaidi upande huu na yale ya upande ule, kisha ujumbe mpya ukija inakisia. Haijui huzuni ni nini. Inajua ilichofundishwa tu, kwa hiyo anayetia alama ndiye mwalimu.

Walimu wakawa akina mama wanaojitolea zahanatini, wakiongozwa na Bu Wijiati, ambaye wote tunamwita Bu Wiji. Nilifuta majina ya waandishi, wakakaa ukumbini na chai tamu na tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga, wakatia alama asubuhi nzima.

Nikaifundisha programu, nikaijaribu. Furaha. Nikaipa ujumbe mwingine. Furaha. Nikaipa ujumbe wa yule mama wa msimu wa mvua. Furaha tupu. Hasira zikanipanda, nikarudi ukumbini na kompyuta kifuani.

"Bu Wiji, sikiliza huu. 'Samahani kukusumbua Bu, mimi mzima, shukrani sana, ni usingizi tu haujaja tangu juzi, samahani sana.' Huyu ana furaha?"

"Si amesema ni mzima."

"Na wewe umeamini?"

Alitafuna tempe yake taratibu. "Watu wa Surabaya nyie. Kuamini ni jambo lingine. Mwenzangu kajificha nyuma ya adabu zake, halafu mimi nimwandikie huzuni, kama namtangaza sokoni?"

"Jina halipo, Bu. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

Wenzake wakainamia glasi zao. Nilitoka uani nisije nikatoa neno la kwetu. Kusema kweli niliogopa. Mkunga alikuwa anaisubiri programu hii, na programu yangu ingemwambia abaki nyumbani, wote wazima.

Nikiwa pale nikakumbuka nilivyokuwa bibi harusi mgeni, nalia nikimtaka mama yangu. Hakuna aliyeniuliza nina nini. Lakini kila jioni Bu Wiji aliniletea bakuli la uji na kudai kwamba alipika ukamzidi. Akina mama hawa walikuwa wanaona kila kitu. Walichokataa ni kukisema.

Nikarudi ndani, nikafuta furaha na huzuni kwenye kioo cha kompyuta, nikaandika swali moja: ungempelekea uji huyu mama? Ndiyo, au si lazima.

Bu Wiji akausoma ujumbe wa yule asiyelala. "Ndiyo. Na uwe leo hii."

"Huyu wa pili muongezee na mayai," akadakia mwenzake.

"Huyu je?"

"Huyo si lazima. Huyo anaringia uzito wa mwanawe."

Wakacheka, wakagombania kompyuta. Hawakunung'unika hata walipomaliza tempe.

Programu iliyofundishwa hivyo haikuwa malaika. Ilitupeleka kwa mama aliyekuwa anaomba radhi kwa kuchelewa kurudisha sufuria. Alitushangaa, akatulisha mpaka tukashindwa kuinuka. Kisha ukaja ujumbe wa Kinasih, aliyejifungua kwa mara ya kwanza, mumewe kafuata kazi Jakarta. "Sisi wazima, Bu. Usijisumbue kuja, samahani sana."

Programu ikasema uji. Bu Sumiyarsih akaniweka nyuma ya pikipiki, bakuli mapajani mwangu.

"Ukifika, funga mdomo wako," aliniambia njiani.

Kinasih alitufungulia nywele zimechanwa vizuri, tabasamu mahali pake. "Mzima, Bu. Karibuni, samahani nyumba chafu." Nyumba ilikuwa inang'aa. Mimi swali lilikuwa linanichoma ulimi. Bu Sumiyarsih hakuuliza chochote. Alimpokea mtoto, akamsogezea mama yake bakuli, akaanza kuzungumzia bei ya pilipili.

Kinasih akala kijiko kimoja, akala cha pili. Akakiweka chini.

"Bu," alisema, akitazama meza, "naogopa kubaki naye peke yangu."

Moyo wangu ulipasuka na kufurahi kwa pamoja, maana alikuwa amelisema na sisi tulikuwepo. Bu Sumiyarsih hakuonyesha mshangao. Alivuta kiti karibu naye, mtoto begani.

"Basi hatuondoki," alisema.

Nikaenda jikoni kuchemsha maji ya chai.