Ukurasa wa Mfongo

Dakta Jesse alikwenda Ulaya majuma mawili, akarudi na neno moja. Watu wakienda huko hurudi na koti, wengine na simu yenye kamera. Yeye alirudi na wiki. Na si wiki ya siku saba, alipenda kuwaambia watu kabla hawajauliza, kisha kucheka peke yake. Wiki yake ilikuwa ukurasa kwenye mtandao wa kompyuta, ambao kila mwenye ruhusa ya kuingia huandika atakacho, husahihisha cha mwenzake, na akiona hakifai hukifuta. Hakuna mwenye ukurasa. Elimu, alisema Dakta akiwa amefumba macho kama mtu anayeonja supu, si mali ya mtu.

Haya bwana. Maneno matamu hayo, na aliyeachiwa kuyapika ni Eliaichi.

Eliaichi, binti wa palepale, alikuwa mhadhiri msaidizi wa Dakta katika chuo kidogo cha Old Moshi, na usaidizi wake ulikuwa wa aina ile tunayoijua: Dakta anatoa wazo, Eliaichi anatoa jasho. Yeye ndiye aliyewaandikisha wanafunzi wa historia mmoja mmoja, akawapa maneno ya siri waliyoyasahau kabla ya kufika mlangoni. Yeye ndiye aliyeteremka mjini kumbembeleza fundi aje afufue kompyuta za msaada, ambazo nusu yake zilikuwa mapambo. Umeme ukikatika, alilaumiwa yeye, kana kwamba alikuwa anaulalia. Dakta wakati huo yuko ofisini, kafunga mlango, anaandika makala ya Kiingereza kuhusu mapinduzi ya ufundishaji barani Afrika.

Kazi ya kwanza ya wiki ilikuwa historia ya mfongo, mfereji ule wa kale unaoteremsha maji kutoka msituni, ukapita juu ya chuo na kuingia vihambani, kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Hapo Eliaichi hakuhitaji kufundishwa na mtu. Mfongo huohuo ndio ulionywesha kihamba cha mama yake, Mama Tabitha, mjane mwenye migomba, ng'ombe mmoja wa maziwa, na bustani ya kabichi na karoti iliyochukua nafasi ya kahawa baada ya kahawa kuanguka bei na kung'olewa. Zamu ya Mama Tabitha ilikuwa Alhamisi asubuhi, zamu nzuri kuliko zote, mfereji umejaa na hakuna aliyekwisha kuuchokoa. Ilitoka mbali zamu hiyo. Aliyeuchimba mfongo, kama kila mtoto wa pale alivyosimuliwa, ni mzee Ndekirwa, babu mkuu wa ukoo wa marehemu baba yake Eliaichi, na kwa desturi ukoo wa mchimbaji hunywa kwanza. Bila maji yale Mama Tabitha hana kabichi, hana majani ya ng'ombe, na kwa hiyo hana ng'ombe. Anakuwa mtu wa kwenda kwa jirani na bakuli.

Wanafunzi nao walikuwa kituko. Waliambiwa wasahihishane, wakaitikia ndiyo Dakta, kisha hakuna aliyemgusa mwenzake. Goodness aliandika kwamba mfongo uliacha kutumika wakati wa Wajerumani. Ronald akaandika chini yake kwamba haukuacha hata siku moja. Sentensi zote mbili zikabaki hapo zimepeana visogo. Eliaichi alipomuuliza Ronald kwa nini asifute kosa la Goodness, kijana alimtazama kama mtu aliyeambiwa akapakue kwenye chungu cha watu. Yake ameandika, yake yapo. Ya Goodness ni ya Goodness, na baba yake Goodness ni mchungaji.

Juu kabisa ya ukurasa palikaa aya ya Dakta mwenyewe. Iliandikwa kwa Kiswahili cha kuvaa tai, na ilisema kwamba mfongo ulichimbwa na babu wa babu yake Dakta Jesse, mtu wa ukoo wa upande wa juu, na kwamba huyo Ndekirwa anayetajwa na baadhi ya wanavijiji alikuwa miongoni mwa vibarua wake. Ushahidi: mahojiano ya mwandishi. Jamani! Mahojiano yenyewe yalikuwa simu moja kwa shangazi yake, naye shangazi kwenye mambo ya ukoo ni wa kujaza gunia kwa upepo. Nani amsahihishe? Wanafunzi walitaka alama, na alama zilikuwa mfukoni mwa Dakta.

Eliaichi aliisoma aya ile mwezi wa kumi, peke yake katika chumba cha kompyuta. Alicheka mpaka akavua miwani. Ndekirwa kibarua! Kidole chake kilikuwa juu ya kipanya. Kufuta ni jambo alilowafundisha wengine mchana kutwa, ni kubonyeza tu na kwisha. Lakini aliona kwamba kuifuta ni kuipa heshima. Upuuzi huachwa ukaoza wenyewe. Na kwani nani angesoma takataka ile, zaidi ya wanafunzi waliokuwa wanahesabu siku za likizo na Wazungu wa Dakta ambao wasingejua mfongo hata wakitumbukia ndani yake? Akazima kompyuta, akaenda kunywa chai na mwenzake Pamela wa idara ya ualimu, akamsomea aya yote kwa sauti ya Dakta, macho yamefumbwa. Pamela alicheka hadi chai ikampalia. Ikawa ndiyo burudani yao muhula mzima. Kila Dakta alipopita uani, mmoja alinong'ona mahojiano ya mwandishi, na mwingine akaziba mdomo kwa kanga.

Ikaja Krismasi. Krismasi huko mlimani si jambo la mchezo: walioko Dar, walioko Mwanza, walioko hata kusikojulikana, wote hupanda nyumbani, na asiyepanda huulizwa kama amefungwa. Mbuzi huchinjwa, mbege, pombe ya ndizi, hutiririka, na kila aliyefanikiwa hutafuta namna ya kuonyesha kwamba amefanikiwa bila kusema. Wengine huegesha gari mbele ya kanisa. Dakta Jesse aliuchapa ukurasa wa wiki kwa rangi, akautia kwenye plastiki ngumu, akawagawia wazee wa ukoo wake nakala moja moja. Hakuwa na ubaya, maana ubaya unataka akili ya kupanga. Alikuwa na majivuno tu, na majivuno hayahitaji mpango.

Mwaka ule vuli iligoma. Mawingu yalikuja, yakatazama, yakaenda zake. Ilipofika mwisho wa Januari mfongo ulikuwa mwembamba hata kuku waliuvuka bila kulowa, na mzee Ebenezeri, mwenyekiti wa mfongo, akatangaza kanisani kwamba baada ya ibada watu wabaki wapange zamu upya. Maji hayakutosha wote. Watakaoanza watavuna, watakaomaliza watapata tope.

Mama Tabitha hakuwa na wasiwasi. Alikaa kwenye benchi la nje na kitenge chake kipya, akasalimiana na watu, akamshika Eliaichi mkono. Mambo ya zamu ya kwanza yalikuwa yamekwisha tangu enzi za mababu.

Ndipo aliposimama mzee Filemon, baba mdogo wake Dakta Jesse, akatoa plastiki yake ndani ya koti. Akasoma polepole, neno kwa neno, pamoja na mahojiano ya mwandishi. Alipomaliza akaipitisha kwa wazee waipapase. Haya, akasema, si maneno yake yeye. Ni ya chuo kikuu, yamewekwa kwenye mtandao dunia nzima iyaone, na tangu yawekwe hakuna aliyeyapinga. Kama mchimbaji ni wa ukoo wa juu, basi ukoo wa juu unywe kwanza. Wazee wa upande wa Ndekirwa wakapiga kelele. Wakataja mahali ambapo mbege ya mfongo ilikuwa ikinywewa, wakataja kaburi, wakatajana hadi wao kwa wao. Lakini yote hayo yalikuwa ya mdomo, na ile plastiki ilikuwa inang'aa.

Eliaichi alisikia damu ikimpanda. Hakusubiri kuitwa. Aliamka, akawaamkia wazee shikamoo, akawaeleza kwa dharau yote aliyokuwa nayo kwamba karatasi ile haina maana yoyote. Wiki si kitabu. Haina mhakiki, haina mwenyewe, kila mtu anaandika anachoota usiku. Alieleza vizuri sana, kwa mifano, kama aliyekuwa darasani, na wengine walianza kucheka na kumcheka mzee Filemon. Eliaichi aliona raha, akaongeza mfano mwingine.

Mzee Ebenezeri alimwacha amalize. Alikuwa mtu mtaratibu, hakuwa wa ukoo wa juu wala wa Ndekirwa, na ndiyo maana walimpa uenyekiti.

"Mwanangu," akasema, "umesema kila mtu anaweza kuandika."

"Ndiyo, babu. Yeyote aliyeandikishwa."

"Na kufuta?"

"Na kufuta."

"Wewe umeandikishwa?"

Watu wakacheka tena, maana yeye ndiye aliyewaandikisha wengine wote, na alikuwa amekwisha kusema hivyo mwenyewe. Eliaichi hakucheka. Alikuwa ameshaona swali linakoelekea.

"Nimeandikishwa, babu."

"Maneno haya uliyaona?"

Angeweza kusema hapana. Lakini Pamela alikuwa amekaa mstari wa tatu, na mama yake alikuwa pale pale anamtazama, na uongo wa mbele ya kanisa una uzito wake. Akasema aliyaona. Mzee akauliza lini. Akasema mwezi wa kumi.

"Na hukuyafuta."

"Niliyadharau, babu. Niliona ni upuuzi."

"Sisi hatukujua kama ni upuuzi," mzee Ebenezeri akasema. "Hukutuambia."

Kisha akawageukia watu, akasema jambo ambalo kila aliyekuwa pale alilijua tangu utotoni. Mtu akija kupanda masale, ile mimea ya kuwekea mipaka, katika kihamba chako, ukayaona, ukapita, na kesho ukapita tena, mpaka yakashika mizizi, hayo masale yamekuwa mpaka. Huwezi kuja mwaka wa pili kusema ulidhani anatania. Asiyeng'oa amekubali. Hapa maneno yamepandwa mahali pa wazi, na binti wa ukoo wa Ndekirwa, msomi, mwenye ufunguo mkononi, ameyapita miezi mitatu. Yeye mwenyekiti hakuwa na njia ya kujua nani alichimba mfongo. Wote waliochimba wamekufa. Alijua tu nani alinyamaza.

Wazee wa Ndekirwa walitazama chini. Hata wao waliijua desturi ile, na wengine wao walikuwa wamejipatia migomba miwili mitatu kwa njia hiyohiyo. Zamu zikapangwa. Ukoo wa juu ukaanza. Kihamba cha Mama Tabitha, kwa kuwa kiko chini, kikawekwa mwisho, akapewa Jumamosi jioni, baada ya kila mtu kunywa. Njiani kurudi mama alitangulia, na Eliaichi hakuthubutu kumpita.

Jumatatu asubuhi Eliaichi hakupita hata ofisini. Alifungua ukurasa, akaichagua aya, akaifuta. Ilikwenda mara moja, kama umande juani. Kisha akaandika habari za Ndekirwa, vizuri, pamoja na majina ya waliomsimulia, akaenda kwa Dakta, akamwomba apande naye kwa wazee akaseme kwa kinywa chake kwamba aya ile haikuwa na ushahidi.

Dakta alishtuka kwelikweli. Alimwambia kwamba hakuna msomi duniani anayechukulia wiki kuwa ushahidi, jambo ambalo Eliaichi alipaswa kulijua, na kwamba haifai mtu wa taaluma kujiingiza katika magomvi ya maji. Tena mzee Filemon ni baba yake mdogo, atamwangaliaje? Lakini ile kufuta, akasema, hebu keti kidogo. Macho yake yakafumbuka na kung'aa. Mhadhiri msaidizi, mwanamke, amefuta aya ya mkuu wake bila kuomba ruhusa! Ndicho hasa alichokuwa akikitafuta tangu arudi Ulaya, na wanafunzi walikuwa wameshindwa kumpa. Akavuta karatasi akaanza kuandika papo hapo, akimuuliza Eliaichi alijisikiaje wakati ule, alijisikia ana uhuru?

Makala ilitoka kabla ya Pasaka, na Eliaichi alishukuriwa mwishoni kabisa, jina lake likiwa limekosewa. Dakta akaalikwa Ulaya tena.

Ila hayo yalikuja baadaye. Alhamisi ya juma lile lile Eliaichi aliamka alfajiri, akateremka kwa mama yake kabla ya kwenda kazini. Alimkuta kwenye mdomo wa mfereji wake, jembe mkononi, saa ileile ya zamu yake ya zamani. Miguu ilikuwa imempeleka yenyewe. Kabichi zilikuwa zimelaza majani, na ng'ombe alikuwa analia bandani. Kwenye mfereji palikuwa na tope lililoanza kupasuka, na kutoka juu, kwa kina mzee Filemon, ilisikika sauti ya maji.

Eliaichi alisema shikamoo mama. Akamwambia kwamba ameifuta. Akamweleza kwamba maneno yale hayapo tena, popote duniani, mtu akifungua sasa atakuta jina la Ndekirwa, na hakuna anayeweza kusema ukurasa unasema vingine.

Mama Tabitha alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama alivyokuwa akisikiliza mambo yote ya chuo.

"Na maji?" akauliza.