Nimeona

“Umeona nilichokutumia?” mdogo wangu aliniuliza, na mimi, kitana kikiwa mdomoni, nikamjibu nimeona.

Sikuwa nimeona kitu. Wiki ya tatu ilikuwa inakatika tangu simu yangu iniandikie kwamba programu ya kuchati haitafanya kazi tena humo, nisasishe; na kila nilipobonyeza kusasisha, ikanijibu kwamba kifaa hiki hakifai. Niliipeleka kwa fundi. Akaigeuza mbele na nyuma, akaipuliza, akanirudishia. “Simu yako nzima, mama. Dunia ndiyo imeihama.”

Ningenunua nyingine. Kila siku nilisema kesho. Lakini jambo la kumwambia mtu, hilo hapana. Mimi ni msusi, na mtaa mzima walikuwa wakiniita Gazeti. Watu hawakuja kwangu kwa ajili ya nywele tu. Walikuja kusikia nani kaachwa, nani kahama usiku na vyombo vya wenyewe. Gazeti lisilopata habari ni la kufungia maandazi.

Basi nikawa naishi kwa ujanja. Mteja akicheka na simu yake, nacheka kabla hajanionyesha. Wakisema, umeiona ile? nasema nimeiona, makubwa haya. Ukitaka mtu akumwagie habari yote, mwambie nusu unayo. Kwa wiki tatu hakuna aliyenishtukia, na nilianza kujiona hodari.

Siku hiyo saluni ilijaa. Wawili walikuwa chini ya mashine za kukaushia, watatu kwenye benchi, na mmoja mikononi mwangu, kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka. Mdogo wangu alisimama mlangoni, mkoba kaukumbatia kifuani. Wiki nzima alikuwa akinisumbua kwa habari za gauni, alifunge mgongo au aliache wazi, nikajua tu kanitumia picha.

“Sasa unasemaje?” akauliza.

Benchi zima liligeuka kusikiliza. Nikatoa mzaha wa kuwafurahisha.

“Achana nayo bwana. Kwa umri wetu huu, ya nini kujisumbua?”

Wakacheka. Yeye alinitazama, kisha mabega yakamshuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. “Haya, dada,” akasema. Akaketi, akanywa chai, na kabla ya kuondoka akanisaidia kufagia nywele. Sikumbuki kumwona na raha kama siku ile.

Miezi saba baada ya hapo akaanguka kitandani. Nilimhamishia kwangu, nikamwogesha, nikamlisha kwa kijiko, na nilipoliona titi lake lilivyoharibika niliuma kanga nisipige kelele. Niliwaambia watu ugonjwa ulimvamia ghafla. Niliwaambia kwa uhakika, kama nilivyozoea kuwaambia mambo.

Siku moja asubuhi, wakati namgeuza ubavu, alinishika kidole.

“Usijilaumu, dada. Tuliamua wote.”

Nikadhani ni homa. Nikamfunika, nikamwambia apumzike. Siku ya tatu akafa.

Ni mwaka wa sita huu, na bado naweza kusema ni saa ngapi nilishika simu yake: saa nne na robo, watu wamejaa ukumbini kwangu hadi barazani, na binti yake kaniomba nichague picha ya marehemu ya kuweka mbele ya watu. Nikatafuta kwenye albamu, sikuridhika. Nikakumbuka picha nzuri alizokuwa akinitumia mimi. Nikafungua jina langu.

Picha hazikuwepo karibu. Chini kabisa palikuwa na maneno, yenye alama moja tu ya tiki, ile ya ujumbe uliotoka na haukufika.

“Dada, daktari anasema titi litolewe Alhamisi, bado tumewahi. Naogopa sana. Ukisema niende, nitaenda. Nitapita saluni, ila watu watakuwepo, nijibu kwa kifupi.”

Aliiona ile tiki moja. Lazima aliiona, ndiyo maana aliuliza. Kisha akaamini mdomo wangu.

Kidole changu kilikuwa juu ya maneno yale. Kuyafuta ni kubonyeza mara mbili, hata mimi najua. Sitasema ni ujasiri ulionizuia, maana ujasiri sina. Niliyasoma tena na tena mpaka kioo kikazima chenyewe.

Binti yake akaingia, macho mekundu. Nikamwambia picha sijapata, achague yeye. Akapokea simu, akanikumbatia mbele ya shangazi zake wote.

“Asante, mama mkubwa,” alisema. “Mama alikuwa akisema kila uamuzi mgumu alikuuliza wewe kwanza.”

Kisha akaketi mkekani karibu yangu, akaiwasha.