Sufuria la Shaba

Mwantumu wa Ipogolo akishakushuku, umekwisha. Hata chumvi ya dukani huionja kabla ya kuitia chunguni, asije akawa ameuziwa kitu kingine. Kwa hiyo Ruwaida, bintiye, alipomwonyesha picha kwenye simu, yeye na wenzake wa chuo wakicheka katika mkahawa wa chai huko mashambani juu ya Tanangozi, Mwantumu hakuviangalia vicheko. Aliivuta picha kwa vidole mpaka ikakua. Nyuma ya bega la Ruwaida, juu ya kigoda, lilikaa sufuria kubwa la shaba, na ukingoni mwake palikuwa na alama tatu za patasi.

"Hili ni letu," alisema. "Sasa nimempata."

Ruwaida hakuhitaji kuuliza nani. Sufuria lile bibi mzaa baba wa Mwantumu alikuja nalo kutoka Kilwa, akalitia alama tatu ili lisichanganyike na ya watu kwenye shughuli, na akakataza lisitoke nyumbani bila ruhusa yake. Lilipotea Ruwaida akiwa bado ananyonya. Wakati huo Asmaa, mke wa Bushiri, kaka yake Mwantumu, alikuwa ndio kwanza ameingia nyumbani kama bi harusi. Nani tena angekuwa mwizi kama si mgeni? Mwantumu mwenyewe ndiye aliyelitoa sanduku la Asmaa uani na kulimwaga mbele ya majirani, nguo za ndani na zote, akitafuta sufuria ambalo hata mtoto angeona haliwezi kuingia humo. Alisema alikuwa akitafuta pesa ambazo Asmaa alizipata kwa kuliuza. Hazikuonekana, lakini jina likabaki. Bushiri alimchukua mkewe wakahamia Iyunga, Mbeya, na hakurudi Ipogolo mpaka siku ya kumzika mama yao, akasimama kaburini na kuondoka.

Sasa Ruwaida alikuwa anaolewa, na alitaka jambo moja tu: mjomba wake awepo. Bushiri alijibu kwamba haji bila mkewe. Mwantumu alijibu kwamba mwizi hakanyagi harusi ya mwanawe. Hapo ndipo mambo yalipokwama, na Ruwaida alikuwa amelia mpaka amechoka.

Walipanda huko Jumamosi kwa bajaji, Mwantumu akiwa amevaa baibui lake jipya kama mtu anayekwenda mahakamani. Mkahawa ulikuwa ni ukumbi wa matofali ya kuchoma, wenye meza za mbao na bustani ya mahindi mabichi hadi dirishani. Mwenye mkahawa, mama wa makamo aitwaye Apolonia Kalinga, aliwapokea kwa kamwene, salamu ya Kihehe, na tabasamu pana, akawauliza wametoka wapi. Mwantumu alisema mjini, basi. Tabasamu lile hakulipenda. Watu hawafurahii wageni namna ile bure.

Chai ililetwa, ya Mufindi, imekolea. Akainusa. Maandazi yamekaangwa kwa mafuta gani? Ya alizeti. Akaomba aone dumu. Dumu likaletwa, akalifungua, akalinusa nalo. Togwa aliisukumia mbali, kwani nani ajuaye imelala siku ngapi. Ruwaida alikunywa chai yake akitazama mahindi, uso umemwiva kwa aibu.

Chumba cha makumbusho kilikuwa stoo ya zamani pembeni mwa ukumbi. Apolonia aliwatembeza mwenyewe: mawe ya kusagia ulezi, vinu, vibuyu, mbeta za mianzi ambazo wagema wa Iringa hukingia ulanzi. Kila kitu kilikuwa na kikaratasi cha maelezo. Mwantumu aliitikia yote kwa kichwa bila kusikia hata moja, mpaka wakafika kwenye kigoda. Kikaratasi cha sufuria kilikuwa kifupi kuliko vyote: Si letu. Tuliazima.

Mwantumu karibu acheke. Wezi wenye adabu hakuwahi kuwaona. Aliupapasa ukingo, moja, mbili, tatu, kisha akamgeukia mwenye mkahawa na kumuuliza bila kupandisha sauti ni nani aliyewauzia.

Apolonia alisema halikuuzwa. Mama yake alikuja nalo kutoka Ipogolo zamani, walipokuwa wakiishi huko. Amewakataza kulipikia, na amewakataza kulificha. Alidhani siku moja mwenyewe atapita.

Hadithi imepangwa hii, aliwaza Mwantumu. Akataka kumwona huyo mama.

Mama huyo, Faustina, alikuwa uani, amekaa kwenye gunia, anapukuchua maharage. Alipomwona mgeni mikono ikasita. Hakuonekana kufurahi hata kidogo. Alionekana kama mtu aliyesikia hodi aliyokuwa akiiogopa.

"Wewe wa Mama Bushiri," alisema. "Umechukua paji lake la uso."

Halafu akaeleza, macho yakiwa kwenye maharage. Mwanawe Obeid alikuwa anapata kipaimara, wageni wengi, vyombo hakuna. Mama Bushiri alikuwa jirani na shoga yake, akamwazima sufuria kwa siri kupitia mlango wa nyuma, mama mkwe wake, mwenye sufuria, akiwa amesafiri. Faustina alienda kanisani na kuwaachia shemeji zake upishi. Aliporudi akakuta wamepika nguruwe ndani yake. Hawakuwa na nia mbaya. Waliona sufuria kubwa, wakapika. Alilisugua kwa majivu mpaka vidole vikachubuka, kisha akaenda kumwambia Mama Bushiri ukweli.

Mwantumu alimkatiza. Kama yote hayo ni kweli, huo mlango wa nyuma ulikuwaje?

"Wa kijani. Kitasa kilikuwa kibovu, mlikuwa mnaufungaga kwa kamba ya katani. Mama yako alisimama hapo, ameuma pindo la kanga."

Mwantumu alimsogelea. Mama yake alikuwa akiuma pindo la kanga kila alipoogopa, na hilo hakuna mtu wa nje angeweza kulibuni.

"Aliniambia, kaa nalo, usilirudishe, na usimwambie mtu," Faustina aliendelea. "Baadaye nikasikia mkwewe ameitwa mwizi. Nikarudi tena. Nikamwambia, Mama Bushiri, mtoto wa watu anaonewa. Akaniambia, yeye wataishia kumsamehe. Lakini mimi, akasema, mama mkwe wangu akijua nimelitoa nyumbani, sina pa kwenda." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Nilinyamaza kwa sababu lilikuwa kosa la nyumbani kwangu. Mpaka leo roho inaniuma."

Ruwaida alimshika mama yake mkono, na Mwantumu akautoa. Kulikuwa na jambo lililomchoma kuliko nguruwe, kuliko hata uongo. Mama yake ndiye aliyekuwa akifundisha watoto wa mtaa dini, pale pale uani. Mbwa aliporamba beseni lao, yeye ndiye aliyemsimamia Mwantumu mdogo na kumwonyesha namna ya kulitoharisha: maji mara saba, moja yake kwa udongo, kisha chombo ni safi, pikia. Nguruwe naye hukumu yake ni hiyo hiyo. Kwa hiyo alijua. Sufuria lingeweza kuwa safi siku ile ile kabla jua halijazama. Lililoshindikana kuoshwa lilikuwa ni lile la kusema, "Nililitoa mimi." Badala yake alikaa barazani, akamtazama bintiye akimwaga sanduku la mkwewe, na hakusema kitu.

Mwantumu alilia, akiwa amesimama, bila kujifunika. Kisha akaomba maji na udongo.

Waliliosha hapo uani, Ruwaida akimimina, yeye akisugua, Faustina akitazama bila kuelewa kwa nini mtu atie udongo kwenye chombo ambacho yeye alikwisha kukisafisha vizuri vile. Apolonia hakudai chochote. Alikibandua kile kikaratasi kigodani na kukitia mfukoni.

Wiki iliyofuata Mwantumu alipanda basi la Mbeya. Chombo cha watu hakirudishwi kitupu, hivyo ndivyo alivyolelewa, na kwa hesabu yake sufuria lile sasa lilikuwa la Asmaa. Basi alilijaza mchele wa Ubaruku, akalifunga kwa kanga, akalipakata njia nzima.

Asmaa alikuwa kwenye baraza la duka lao Iyunga, anampimia mteja sukari. Alikuwa amenenepa, na nywele za mbele zimeanza mvi. Hakuitikia salamu. Alimtazama wifi yake, akautazama mzigo, akarudi kumtazama wifi yake.

"Mna nini humo?"

"Mchele."

"Na chini ya mchele?"

"Hakuna kitu, wifi."

"Mwaga nione."

Mteja alishusha mfuko wake wa sukari. Fundi cherehani wa jirani aliacha kukanyaga mashine. Bushiri alitokea mlangoni. Mwantumu aliifungua kanga, akaliinamisha sufuria na kuumwaga mchele wote barazani, mbele ya watu, akaligonga kitako mpaka punje za mwisho zikatoka. Zile alama tatu zikaonekana wazi. Asmaa alizigusa kwa kidole, taratibu.

"Nani aliiba?" aliuliza.

Njiani kote Mwantumu alikuwa ametafuta namna ya kulisema bila kumvua nguo marehemu. Hakuipata. Alikumbuka tu kwamba siku ile ya sanduku hakunong'ona.

"Mama ndiye aliyelitoa," alisema. "Alijua si wewe. Na mimi nilikumwagia nguo zako uani, nikakuita mwizi, na hukuiba."

Bushiri alijishika kwenye fremu ya mlango. Asmaa aliuangalia mchele, kisha akalivuta sufuria karibu na miguu yake na kuliweka vizuri.

"Sema tena," alisema. "Mama Lugano wa duka la pili hajasikia."

Mwantumu akageuka upande wa duka la pili, akavuta pumzi, akasema tena.