Mikate Iliyobaki Tanurini

Jumanne ile, shule zikiwa zinafunguliwa kesho yake, ndipo mambo yalipoharibika. Mwokaji alikuwa ndiyo kwanza ameingiza mikate tanurini risasi zikaanza kulia. Akambeba bintiye wa miaka mitano mgongoni, akamvuta mkewe mkono, wakajitupa mtaroni nyuma ya soko. Likapita gari la wakubwa wa serikali lenye kipaza sauti: "Hali ni shwari! Rudini majumbani!" Mkewe akainuka, akajipangusa matope. "Naenda kuitoa mikate, isije ikaungua." Ndiyo kwaheri yake. Na wakubwa wenyewe, kumbe walikwishavuka mpaka na watoto wao.

Miaka yote ya ujane wake mwokaji amesimulia hivyo hivyo, na akifika kwenye wakubwa hutema mate.

Sasa binti ni mwalimu, anaandika kitabu cha utoto wake. Leo amekuja na kurasa, amekalia gunia la unga, anamsomea baba yake huku mikate ya kwanza iko tanurini na baba anakanda mingine. Mwokaji kusoma ni kwa kubabaisha, lakini masikio anayo.

"'Nililia njaa,'" binti akasoma. "'Nikamwambia mama nataka mkate. Mama akaenda.'"

Mikono ya mwokaji ikaganda ndani ya donge.

"Futa hapo."

"Baba, nakumbuka."

"Unakumbuka nini, ladha ya matope? Andika gari! Wale walirudi, wanakula pensheni mpaka leo, wewe unajishtaki mwenyewe!"

"Naandika kilichotoka mdomoni mwangu."

"Mdomo gani, mwanangu? Ulikuwa umejaa kidole. Mtaa mzima hukuwa na mpinzani kwa kunyonya kidole."

Binti akacheka, kicheko kikamkaukia. Mwokaji akainamia unga, asimtazame. Maana kilio alikisikia; mtoto alikuwa mgongoni, alimlilia sikioni. Na kipaza sauti alikisikia. Ila kipi kilitangulia? Kila akijaribu kuvipanga, vinamponyoka. Jasho likamtona kwenye donge.

Harufu ya kuungua ikaanza kutoka tanurini. Hakuna aliyeinuka.

"Kama nililia kwanza," binti akasema taratibu, "basi mama alinivumilia, mpaka gari likamdanganya. Nitafuta ukurasa mzima, baba, naapa. Lakini kama tayari lilikuwa limepita, na yeye bado amekaa na sisi... Wewe ndiye uliyekuwa mtu mzima pale. Nililia kabla gari halijapita, au baada?"